Kaka wa Kwenye Filamu

Mwalimu alikuja kuulizia kochi lake wakati ndiyo kwanza limevuliwa nguo. Lilikuwa limelala kifudifudi katikati ya karakana, mikanda yake ya mpira ikining'inia, na Fundi amepiga magoti kando yake, misumari midogo imemjaa mdomoni. Alipoulizwa litakuwa tayari lini alijibu bila kuitoa.

"Umesema Alhamisi, au umesema haliwezekani?" Mwalimu aliuliza.

Fundi akaitema misumari kiganjani. "Alhamisi."

Mwalimu akacheka, kile kicheko cha mtu aliyekumbuka jambo. Akasimulia kwamba juzi aliona filamu moja ya kuchekesha kwenye ukumbi wa nyuma ya soko. Filamu ya vijana wa kujihangaikia, imepigwa kwa kamera ya kuazima, inahusu ndugu wawili wanaokaa chumba kimoja chenye ufunguo mmoja. Kaka mtu ni fundi viatu. Muda wote ana misumari mdomoni, akigomba bila kueleweka, basi mdogo wake ndiye anayewatafsiria wateja, na anatafsiri anavyotaka yeye.

"Nikasema moyoni, huyu si Fundi wangu kabisa?" Mwalimu alisema. "Hata kile kikohozi chako kabla hujamkatalia mtu, wanacho."

Fundi aliuliza ni nani aliyeitengeneza. Mwalimu hakukumbuka jina. Alichokumbuka ni kwamba wenzake walikuwa wakimwita Kasuku.

Fundi alirudisha misumari mdomoni mmoja mmoja, akainamia kochi, na Mwalimu akaaga mgongo wake.

Kasuku lilikuwa jina alilopewa na mama yao, kwa sababu yule mtoto wa mwisho aliiga kila mtu: muuza maziwa, nesi mwenye kithembe, mbwa wa jirani, baba yao alipokuwa bado hai. Baba alitangulia, mama akafuata. Kasuku alikuwa ndiyo kwanza anang'oka meno ya utoto, na Fundi alikuwa kijana mwenye mchumba na suti ya harusi iliyokwisha kushonwa. Mchumba alisubiri mwaka, akasubiri mwingine, kisha akasema kwa upole kwamba hakuwa tayari kuanza maisha na mtoto asiye wake. Fundi hakumlaumu. Aliitundika suti kabatini, akaendelea kumlea mdogo wake kwa sponji, kitambaa na gundi.

Alimlea hadi akawa mrefu kuliko yeye. Halafu siku moja Kasuku akasema hataki kazi ya makochi, anataka kuondoka na kundi la maigizo. Waligombana siku nzima. Jioni ile Fundi, kwa hasira, alisema maneno ambayo mtu husema akiamini hayatafuatwa: "Ukivuka mlango huo, usinitafute."

Kasuku akavuka. Hakumtafuta.

Tangu hapo ilikuwa imepita miaka ya kutosha kwa watoto waliokuwa wakichezea vipande vya sponji mlangoni kuja kuwa watu wazima wanaoleta makochi yao wenyewe. Fundi alibaki na vyumba vyao viwili vya nyuma ya karakana. Alinunua sufuria ndogo zaidi, kwa kuwa ile kubwa ilikuwa inamsuta. Redio aliiwasha asubuhi na kuizima akilala, na kama haikuwa na habari aliiacha tu ikikoroma. Mchana walikuwepo wateja. Lakini mteja huja kwa ajili ya kochi lake. Akishalichukua, karakana inabaki na alama nne za miguu yake sakafuni, na kimya.

Jumamosi alasiri Fundi alifunga mapema, akavaa shati la kola, akaenda ukumbini.

Viti vilikuwa vya plastiki. Kwa mazoea alikitikisa chake kabla ya kukikalia, kwenye safu ya nyuma kabisa karibu na mlango. Mbele palitundikwa shuka jeupe ambalo hakuna aliyelipiga pasi, kwa hiyo kila sura iliyotokea juu yake ilipata kovu la mkunjo katikati ya pua. Filamu iliitwa *Ufunguo Mmoja*, na umaskini wake haukujificha. Mwanamume mmoja mnene alikuwa mwenye nyumba, kisha polisi, kisha daktari. Alichobadilisha ni sharubu tu, na alipofikia udaktari sharubu zilikuwa zimeanza kubanduka upande mmoja. Katika tukio la usiku wa manane jogoo aliwika, na juu ya vichwa vya waigizaji kipaza sauti kilishuka, kikachungulia, kikapanda tena. Watu walicheka palipokusudiwa na pasipokusudiwa.

Aliyeigiza kaka mkubwa, Fundi hakuwahi kumwona maishani mwake. Lakini yule mtu alifuta mikono matakoni kabla ya kushika mkate. Alikohoa kabla ya kusema hapana. Aliuacha mlango wazi, akarudi kuufunga, akautikisa mara mbili. Fundi aliitazama mikono yake mwenyewe pale gizani, akaiweka chini ya mapaja.

Likaja tukio la dirisha. Kaka amelala fofofo, ufunguo umening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Mdogo mtu yuko nje, anagonga, anaita, mwisho anapanda dirishani na kunasa kiunoni. Majirani wanatoka na masufuria wakidhani ni mwizi. Mwenye nyumba anamvuta miguu kwa nje, kaka ameamka na kumvuta mikono kwa ndani, na yule kijana katikati anawaomba wakubaliane kwanza. Ukumbi ulicheka hadi viti vikalalamika. Mama mmoja aliyeketi mbele ya Fundi alikuwa akijifuta machozi kwa ncha ya kitambaa cha kichwani.

Fundi alilikumbuka tukio lenyewe. Siku ile hakuna jirani aliyetoka. Alikuwa ameshinda akikimbizana na kazi ya hoteli, akafunga mlango wa vyumbani akalala na nguo zake, na mvua ikanyesha. Alfajiri alimkuta Kasuku karakanani, amejifunika mabaki ya sponji, midomo imekuwa ya kijivu. Badala ya kumkumbatia alimfokea kwa nini alichelewa kurudi.

Kisha likaja tukio la suti.

Kaka mkubwa yuko peke yake chumbani. Anafungua kabati, anatoa suti, analivaa koti juu ya fulana iliyotoboka. Linambana kifuani. Anachukua ufagio, anauinamia kwa heshima, anaukaribisha kucheza. Anacheza nao taratibu, hatua mbele, hatua nyuma, anauuliza kama umechoka. Kwenye kona ya picha, chini ya shuka la kitanda, jicho la mdogo mtu liko wazi.

Hapo watu walicheka kuliko kote. Fundi alilivaa koti lake mara moja tu maishani, siku aliyosikia kwamba aliyekuwa mchumba wake ameolewa. Hapakuwa na ufagio. Alisimama tu katikati ya chumba, mikono imeinuka kidogo, kama mtu anayepimwa nguo. Alikuwa na uhakika kwamba mtoto amelala.

Taa zilipowashwa alitaka kuondoka, lakini mlangoni palisimama dada mmoja mwembamba mwenye kipaza sauti, akiwaomba watu wasitoke kwanza. Mwongozaji hakuwepo, alisema, yuko anaomba ukumbi mwingine, ila wangependa sana kusikia maoni. Mazuri na mabaya.

Mwanamume wa safu ya kwanza akasema picha inatetemeka kama aliyeishika ana homa. Kijana mwingine akasema sauti ni kama waigizaji wamo ndani ya pipa. Mwingine akauliza kwa nini polisi, daktari na mwenye nyumba ni mtu mmoja, na dada wa kipaza sauti akajibu kwamba ndiye pekee aliyekubali kuja na chakula chake. Watu wakacheka tena.

"Mimi nimempenda mdogo mtu," msichana mmoja alisema. "Yule kaka ni dikteta. Ufunguo ni wa chumba, si wa jela."

"Kaka kama yule angekuwa wangu ningekuwa nimeshahama," mwenzake akaongeza.

Kisha yule mama wa kitambaa akaomba kusema. Alisimama kwa shida kidogo. "Mimi nimecheka sana, Mungu awabariki. Ila pale kwenye koti sikucheka. Sijui wenzangu mliona nini. Mimi niliona mtu ambaye hana wa kucheza naye."

Aliyefuata akauliza choo kiko upande gani.

Fundi alirudi nyumbani kwa miguu. Alipanga kukasirika, na njia nzima aliitafuta hiyo hasira kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa. Alichokikuta ni kitu kingine kabisa: alitamani kujua watu wengine wangesema nini.

Kwa hiyo alienda tena. Filamu ilikuwa ikizungushwa mjini, wiki hii kwenye chuo cha ufundi, wiki ijayo kwenye ukumbi wa wafanyakazi wa reli, halafu shuleni. Fundi alijua ilipo kwa karatasi zilizobandikwa kwenye nguzo. Alifika, akakitikisa kiti, akakaa nyuma. Filamu yenyewe alikwisha kuijua. Sasa aliwatazama watu. Wanafunzi wa chuo walicheka tukio la dirisha lakini wakapiga miayo kwenye la koti. Wafanyakazi wa reli, wengi wao watu wazima wenye vifua vipana, walikuwa kinyume: dirishani walitabasamu tu, na koti lilipotolewa kabatini wakanyamaza kama wanaosikiliza majina yao yakisomwa.

Ilipofika zamu ya maoni ndipo moyo wake ulipoanza kwenda mbio. Mtu akimtetea kaka mkubwa, Fundi aliinua kidevu. Mtu akimponda, alijibu kimoyomoyo. Mhandisi mmoja alisema kaka yule ni mchoyo wa ufunguo kwa sababu ni mchoyo wa mapenzi, na Fundi alibeba maneno hayo siku tatu, akiyageuza huku na huku kila alipovuta kitambaa juu ya fremu. Mchoyo. Nani aliyelala na njaa ili mwingine ale? Lakini hilo halikuwemo kwenye filamu, na mhandisi wa watu hakuwa na pa kulisomea.

Wakati mwingine, akirudi, alijikuta anazungumza na watazamaji kwa sauti barabarani. Aliwaeleza kwamba ufunguo wa pili ulikuwepo, ukapotea, naye akauficha upotevu huo ili mtoto asiogope. Waliopishana naye walidhani anaongea na simu.

Dada wa kipaza sauti alianza kumfahamu. Kule shuleni alimletea kipaza hadi mkononi. "Leo na mzee wetu wa nyuma atuambie neno."

Fundi alisimama. Macho yote yakamgeukia. Alikohoa. "Sauti ipandishwe kidogo," alisema, akakaa.

Baadaye, watu wakitoka, yule dada alimfuata akikunja waya kiwikoni. "Mzee, wewe ndiye shabiki wetu namba moja. Hata mama yangu ameiona mara moja tu, na mimi ndiye niliyemlipia nauli."

"Inanifurahisha."

"Lakini hucheki. Nimekuwa nikikutazama."

"Nacheka kwa ndani."

"Una ndugu?"

"Ninaye mmoja. Mdogo wangu."

"Mje naye basi, onyesho la mwisho hapa mjini. Mwongozaji mwenyewe atakuwepo. Ndugu yako yuko wapi?"

"Yuko kazini," Fundi alisema.

Onyesho la mwisho lilikuwa Jumapili alasiri, kwenye ule ule ukumbi wa nyuma ya soko. Fundi alifika mapema, akakaa pale pale karibu na mlango. Kasuku aliingia taa zilipokwisha kuzimwa, kwa hiyo Fundi aliona kwanza kivuli tu, kirefu, bega la kushoto limeshuka. Lile bega lilishuka tangu alipoanguka kutoka kwenye rundo la magodoro akiwa mtoto. Filamu ilipita yote na Fundi hakuona hata picha moja. Aliangalia lile bega.

Taa zilipowaka, Kasuku alisimama mbele ya shuka. Alikuwa na kipara kinachoanza na ndevu zilizokatwa vizuri. Aliwashukuru watu, akaomba radhi kwa ajili ya jogoo, akaiga sauti ya yule mnene wa sharubu, ukumbi ukamchekea kabla hata hajamaliza. Fundi alishangaa jinsi alivyo mwepesi mbele za watu. Kisha maoni yakaanza, yale yale aliyokwisha kuyazoea, pipa na homa na sharubu.

Mwanamke mmoja aliyevaa sare ya duka la dawa akainua mkono. "Mimi nina swali. Yule kaka ni mtu wa kweli? Maana mambo yake ni ya mtu anayejulikana. Mtu hawezi kukaa akatunga kikohozi kile."

Kasuku alitabasamu. Alihamisha kipaza kutoka mkono huu kwenda mwingine.

"Hapana," alisema. "Ni wa kutunga. Mimi kwetu nilizaliwa peke yangu. Labda ndiyo maana nikajitengenezea kaka."

Watu walisema "aa" kwa huruma, wengine wakapiga makofi. Mwanamke wa duka la dawa akasema basi ana kipaji.

Fundi aliketi vile vile. Kitu cha kwanza alichofikiria, na baadaye alijishangaa, ni mama yao; jinsi ambavyo angelipokea neno hilo. Aliangalia mlango, hatua chache tu. Angeweza kutoka na hakuna ambaye angegeuza shingo.

Lakini dada wa kipaza sauti alikuwa amekwisha kumfikia. "Mwongozaji, huyu mzee ameiona filamu yako kuliko sisi tulioipiga. Hakuna onyesho alilokosa. Leo hatumwachi mpaka aseme."

Fundi alisimama. Hakumtazama mtu yeyote ila shuka lenye mikunjo.

"Mimi sina la maana," alisema. "Ni filamu nzuri. Inachekesha. Ila mwisho wake umeenda haraka."

Mbele kule bega la kushoto lilikwisha kuacha kusogea.

"Pale kaka anapomwomba mdogo wake msamaha. Amesimama mlangoni, anasema maneno yamenyooka, moja baada ya jingine. Mtu kama yule hasemi hivyo. Si kwamba hataki. Anayo, lakini hajui yanaanzia wapi. Angetafuta kwanza kitu cha kushika. Angekagua kitasa. Angemuuliza kama amekula. Miaka inaweza kupita anauliza tu kama umekula." Alikohoa. "Ni hayo."

Watu walicheka kidogo pale kwenye kula, kicheko cha kirafiki, na mtu mmoja akasema kweli kabisa, baba yangu yuko hivyo hivyo. Kasuku alikuwa amefungua mdomo. Aliufunga. Ilichukua muda hadi watu wakaanza kumtazama, ndipo akasema, "Asante kwa maoni, mzee," na sauti yake ikakwaruza kwenye spika. "Mwingine?"

Fundi alitoka.

Alikuwa amefika usawa wa vibanda vilivyofungwa vya soko aliposikia viatu vinakimbia nyuma yake. Hakugeuka hadi vilipopunguza mwendo. Wakasimama wakitazamana, mmoja anahema, mwingine hajui mikono yake iende wapi. Jua la alasiri lilikuwa bado kali na barabara tupu, kwa kuwa ilikuwa Jumapili. Fundi aliinua mkono akaufikisha nusu ya njia kuelekea lile bega, kisha akasingizia anarekebisha kola yake.

"Nimekula, kaka," Kasuku alisema.

"Vizuri."

"Maonyesho yote umeyaona?"

"Yote ya hapa mjini."

"Sikujua." Kasuku aliangalia chini. "Nilipita karakanani mara mbili, kabla hatujaanza kupiga. Nilisimama ng'ambo. Ulikuwa umenipa mgongo, una kochi la kijani."

"Ungeita."

"Uliniambia nisikutafute."

Fundi alikumbuka kochi la kijani. Lilikuwa la daktari wa meno, lilimsumbua.

"Pale ndani," Kasuku alisema, "nikisema ninaye kaka, swali linalofuata ni yuko wapi. Halafu amesemaje. Halafu mbona hayupo. Mbele ya watu wote wale. Nimeshajibu hivyo kwenye kila mji, imekuwa kama sehemu ya filamu. Sikujua umekaa pale."

"Ningekuwa sijakaa, ingekuwa sawa?"

Kutoka upande wa ukumbi gari lilipiga honi, na mtu akaita jina lake la Kasuku. Walikuwa na ukumbi mji wa pili kesho yake na shuka lilikwisha kukunjwa.

"Ile ya koti," Kasuku alisema haraka, "niliikata mara nne na kuirudisha. Ukisema niitoe, naitoa."

Fundi alifikiria. Alimfikiria yule mama wa kitambaa, na wanaume wa reli walivyonyamaza. "Iache," alisema. "Ila sikuwa na ufagio."

"Najua. Bila ufagio hakuna ambaye angecheka."

Honi ikalia tena. Kasuku akasema atakuja, na Fundi akasema njoo, na wote wawili waliyasema maneno hayo kwa adabu, kama watu waliopangishwa nyumba moja.

Alikuja kweli, ila ilichukua muda. Alikuja mchana wa siku ya kazi, akakaa kwenye kochi la mteja huku Fundi akishona foronya za mito. Waliongea habari za filamu. Kasuku aliuliza kama kaburi la mama linapaliliwa, Fundi akasema linapaliliwa. Kila baada ya muda mmoja wao alivuta pumzi kama anayetaka kuanza jambo, na mwingine akasubiri, na jambo halikuanza. Chai ilipoisha Kasuku alisema lazima awahi. Fundi alimsindikiza hadi barabarani, akarudi, akakuta foronya aliyoishona ameigeuza nje ndani. Alikaa chini akaifumua.

Kilichobaki kati yao kilikuwa simu. Kasuku alianza kupiga baada ya kila onyesho, popote walipokuwa, kumpa maoni ya watu. Ndiyo mazungumzo waliyoyaweza. Fundi alikuwa akizima redio jioni ili asikose mlio, na simu ikilia aliipokea amesimama, katikati ya fremu tupu za makochi.

"Leo mzee mmoja kasema kaka mkubwa angefaa kuwa mbunge."

"Kwa nini?"

"Anaongea na haeleweki."

Fundi alicheka kwa pua. "Na wengine?"

"Dada mmoja kasema mdogo mtu hana shukrani."

"Mwambie filamu bado haijaisha."

"Nimemwambia, akasema hata ikiisha."

Kasuku aliiga sauti zao zote, na katika karakana ile isiyo na mtu watu wakajaa kwa dakika chache: wazee, wasichana wakali, mlevi aliyedai fedha yake irudishwe ingawa aliingia bure. Kisha maoni yakaisha. Maoni yakiisha, simu nayo iliisha. Kasuku alisema basi kaka, usiku mwema, na Fundi akasema haya. Alibaki ameishika ile simu hadi kioo chake kikawa cheusi. Mara kadhaa alijiandaa mchana kutwa na sentensi moja, kuhusu ile alfajiri ya mvua, akaipanga vizuri, akaifupisha. Ikifika saa ya simu alimuuliza Kasuku ni watu wangapi walikuja.

Msimu wa mvua uliwakuta wakiwa mbali, mji wa milimani. Siku hiyo simu ililia mapema kuliko kawaida, nje bado kweupe.

"Mbona mapema?" Fundi aliuliza.

"Hawakuja leo."

"Nani?"

"Watu. Mvua imenyesha tangu asubuhi, barabara imekatika. Hakuja hata mlinzi wa ukumbi. Tumekaa tukasubiri, mwisho tumezima mashine."

Fundi alisogeza mkasi mezani. Hakukuwa na maoni ya kuuliza. Alisikia mvua ile ya mbali ndani ya sikio lake, nzito, inayopiga kitu kigumu.

"Hilo paa ni la bati?" aliuliza.

"La bati. Limetoboka sehemu mbili, tumekinga ndoo."

"Shuka msiliache likilowa. Litaota ukungu."

"Tumelitundika ndani."

"Na wewe umelowa?"

"Viatu tu."

"Viweke karatasi ndani. Karatasi kavu, ubadilishe asubuhi."

"Sawa."

Fundi alisubiri ile basi kaka, na haikuja. Alimsikia mdogo wake akipumua, akisogeza kiti, akimwambia mtu kwamba anakuja sasa hivi. Alijua sentensi yake iko wapi, aliihisi kabisa kooni, na aliikohoa.

"Ile kazi ya hoteli," alisema. "Siku ile ya mvua. Nilikuwa nimechoka."

Mvua iliendelea kupiga.

"Nilijua, kaka," Kasuku alisema. "Nilikusikia unakoroma."

Baadaye mtandao ulikatika, kama unavyokatika milimani, na Fundi alipojaribu kupiga aliambiwa namba haipatikani. Hakujaribu tena. Aliwasha taa, akafunga mlango wa mbele, akala alichokuwa nacho amesimama karibu na dirisha. Huku kwake hakukuwa na mvua bado. Jirani alikuwa anaanua nguo, na watoto wa mtu walikuwa wanapita wakibishana kuhusu jambo ambalo hakulisikia vizuri.